Coaster au Hiace iliyogeuzwa nyumba: kutafuta hitilafu za umeme na injini ukiwa Mtwara au Lindi

Gari la kulala linalotengenezwa huku kwa kawaida ni Toyota Coaster au Hiace ya dizeli ya miaka ya 1990 iliyong'olewa viti, ikawekwa kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji na sola juu ya paa. Injini zake ni za kazi na spea zinapatikana. Kinachoyasumbua magari haya ni umri, na pwani ya kusini ina chumvi hewani mwaka mzima, uvume kusi au kaskazi. Kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati, hitilafu nyingi za umeme hazitoki kwenye kifaa kilichokufa. Zinatoka kwenye kiungio cha waya kilicholiwa na kutu. Ndiyo maana mtu anabadilisha betri, kisha altaneta inayoichaji, kisha stata inayozungusha injini, na gari linabaki na ugonjwa uleule. Pima kwanza. Pesa itoke mfukoni baada ya kipimo kusema.

Vifaa vya kupimia si vingi. Unahitaji multimita ya dijitali inayopima volti za DC na AC, ohmu, na ampea hadi 10. Tengeneza pia taa ya kupimia: balbu ya indiketa ya wati 21 yenye nyaya mbili za mita moja na nusu, ya volti 12 au 24 kulingana na gari lako. Balbu ina faida ambayo multimita haina, kwa sababu inavuta umeme. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu za shaba utaionyesha multimita volti 12 kamili, lakini ukiuunga na balbu, mwanga unafifia na uongo unajulikana papo hapo. Ongeza brashi ya waya, msasa, spana za namba 8 hadi 19, mafuta ya mgando, tochi ya kuvaa kichwani na fyuzi za akiba za kila ukubwa ulioko kwenye boksi lako.

Volti 12 au 24?

Hiace nyingi ni za volti 12. Coaster nyingi zilizoletwa kutoka Japani ni za volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Lakini kuona betri mbili si ushahidi. Yapo magari yenye betri mbili zilizoungwa sambamba na volti zinabaki 12. Weka multimita kwenye ncha mbili za mwisho, usikisie.

Kwenye Coaster ya volti 24 kuna kosa moja linaloua betri kuliko jingine lolote. Mtu anataka umeme wa volti 12 kwa ajili ya redio, taa za ndani au friji, basi anauchukua kwenye betri moja kati ya zile mbili. Kila kitu kinawaka. Baada ya miezi michache betri moja imekauka maji na nyingine haishiki chaji, na lawama inaangukia duka la betri.

Hiki ndicho kinachotokea. Altaneta haizioni betri mbili, inaona jumla tu, na kazi yake ni kuipandisha jumla hiyo hadi volti 28 na kitu. Ile betri inayonyonywa na redio na friji huwa haijajaa, kwa hiyo volti zake zinapanda taratibu, tuseme ziko 12.9. Ili jumla ifike 28.4, mwenzake analazimika kubeba 15.5. Kwa volti hizo maji ya betri yanachemka, yanapungua, sahani zinabaki wazi na zinaharibika. Huku ile ya kwanza haijai hata siku moja, sahani zake zinaota salfati ngumu isiyorudi tena kuwa risasi nzuri. Betri mbili zinakufa kwa sababu mbili zinazopingana, na chanzo ni waya mmoja.

Kujua kama gari lako lina tatizo hili, washa injini, ikanyage hadi mizunguko kama 1,500, kisha pima kila betri peke yake. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.3, tafuta waya unaotoka katikati, pale betri mbili zinapoungana. Ukiukosa waya huo, basi betri moja imechoka. Zima gari, liache lilale usiku kucha, pima tena asubuhi. Tofauti ya volti 0.1 inavumilika, ikizidi hapo haivumiliki.

Tiba ni kuung'oa waya huo na kuweka konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12, inayochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa usawa. Piga hesabu ya matumizi: friji ampea 5, taa za LED ampea 2, chaji za simu na kompyuta ampea 4, pampu ya maji ampea 4. Konveta ya ampea 20 inatosha na inabaki na nafasi. Betri za volti 24 zinunuliwe mbili kwa mpigo, aina moja na ukubwa mmoja. Ukiweka mpya pembeni ya kuukuu, ile kuukuu itaivuta mpya chini ndani ya msimu mmoja.

Betri inasema nini

Pima asubuhi kabla hujawasha kitu. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona volti za juujuu zisizo na ukweli. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikiwa 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na ikishuka chini ya 11.8 ni tupu. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6, na kwa mfumo wa volti 24 zisishuke chini ya 19.2.

Betri zenye vifuniko vya kufungua pima pia kwa haidromita. Seli iliyojaa inasoma kati ya 1.265 na 1.280. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kuchaji, betri hiyo imekwisha, usipoteze siku kuichaji. Ukiongeza maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, hadi milimita 10 juu ya sahani. Asidi haiongezwi kwenye betri ambayo maji yake yalipungua kwa kuchemka, kwa sababu kilichopotea ni maji. Na maji ya kisima usiyatie kabisa: visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inakula sahani.

Kiungio kilicholiwa na chumvi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kabla hujalaumu stata, altaneta au taa, pima volti zinazopotea njiani. Kipimo hiki hakigharimu kitu.

1. Weka multimita kwenye volti za DC. Mguu mmoja uguse kichwa chenyewe cha hasi ya betri, ile risasi, si klempu iliyokivaa. Mguu wa pili uguse bloku ya injini mahali penye chuma kisafi.
2. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde tano, waya wa solenoidi ya dizeli (swichi ya sumaku ya kukata dizeli, juu ya pampu) ukiwa umechomolewa ili injini isiwake. Multimita isome volti 0.2 au pungufu. Ikifika 0.5, kuna kiungio kibovu.
3. Sasa sogeza mguu wa pili hatua kwa hatua: kwenye klempu, kwenye mwisho wa kebo, kwenye bolti iliyoishika kebo, kwenye chesisi, kwenye injini. Pale volti zinaporuka ghafla ndipo palipo na ugonjwa.
4. Rudia kwa upande wa chanya, kutoka kichwa cha chanya hadi bolti kubwa ya stata. Mwisho wa kuvumilika ni volti 0.5.

Athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) inayokatika mara nyingi ni ule mkanda wa shaba iliyosukwa kati ya injini na chesisi, kwa sababu injini inacheza na mkanda unapinda mamia ya maelfu ya mara. Ukikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, hata kebo ya aksereta au ya klachi. Ukisikia kebo ya aksereta imepata moto baada ya kuwasha gari, umepata jibu bila kupima.

Dalili nyingine ya athi mbovu iko nyuma ya gari: ukiwasha indiketa, taa ya breki au ya usiku nayo inapepesa, hafifu. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unarudi kwa kupitia balbu ya jirani. Usibadilishe swichi wala rilei. Fungua taa, tafuta bolti ya waya mweusi au mweupe-mweusi iliyofungwa kwenye bodi.

Kulirekebisha eneo la athi, fungua bolti yote, futa rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae kwa upana wa sarafu, pande zote mbili, weka washa yenye meno, kaza, kisha ndipo upake mafuta ya mgando juu yake. Ukipaka mengi kabla ya kukaza unaacha uchafu katikati. Waya wenyewe ukatwe ncha na kutazamwa. Shaba nzima ni nyekundu inayong'aa. Ikiwa ya kijani au nyeusi, menya sentimita tano nyingine. Chumvi hupenya ndani ya plastiki ikifuata nyuzi za shaba, na inaweza kwenda mbali bila kuonekana kwa nje. Ukimenya sentimita 20 na bado ni nyeusi, tupa waya huo na uweke mpya. Kuunga shaba nyeusi na shaba nyeusi ni kujitafutia safari ya pili chini ya gari.

Baada ya kuegesha ufukweni Msimbati au Mikindani kwa siku kadhaa, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi: chesisi, springi, kwenye fremu za magurudumu na nyuma ya tangi.

Stata: mlio mmoja au milio mingi

Ukigeuza ufunguo, sikiliza. Milio ya harakaharaka, tatatata, maana yake volti zimeshuka: betri haina kitu au klempu imelegea. Mlio mmoja mzito na injini haizunguki, huku taa za dashibodi zikibaki na nguvu, karibu kila mara ni kontakti za shaba ndani ya solenoidi ya stata. Stata za Denso zilizoko kwenye Toyota hizi zina vipande viwili vya shaba na kisahani kinachoviunganisha. Shaba inalika upande mmoja kuliko mwingine, mwishowe kisahani kinagusa upande mmoja tu. Ndiyo sababu gari linakataa mara tatu, mara ya nne linawaka, na mwenye gari anadhani limepona.

Kabla ya kushusha stata, pima waya mdogo unaokwenda kwenye solenoidi wakati ufunguo umegeuzwa. Ukikuta chini ya volti 8 kwa gari la volti 12, ugonjwa uko kwenye swichi ya ufunguo au rilei na stata haina kosa. Ukikuta volti nzuri na stata inalia tu, ishushe. Ng'oa hasi ya betri kwanza. Kontakti zinauzwa peke yake na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Badilisha zote mbili na ukague kisahani. Kama kimechimbika, kibadilishe nacho.

Altaneta, na breki zinavyohusika

Injini ikiwa inawaka, pima kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.4, au 27.6 hadi 28.8 kwa mfumo wa 24. Zikiwa chini, anza na mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ushuke kama milimita 10. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini na utazame taa ya betri kwenye dashibodi. Isipowaka, balbu yake imeungua au waya wake umekatika, na balbu hiyo ndiyo inayoipa altaneta umeme wa kuanzia. Watu wanabadilisha altaneta nzima kumbe ni balbu.

Ikichaji vizuri lakini betri zinaisha usiku, geuza multimita kwenye volti za AC injini ikiwa inawaka. Ukisoma zaidi ya 0.5, kuna dayodi imekufa ndani ya altaneta. Dayodi mbovu inaweza pia kurudisha umeme nyuma gari likiwa limezimwa.

Kwa wenye injini za 2L, 3L na 3B: pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika njiani, taa ya betri inawaka na baada ya kukanyaga breki mara chache pedali inakuwa ngumu. Breki zipo, lakini zinataka mguu mzito. Simama mapema. Pampu hiyo inalainishwa kwa oili ya injini kupitia bomba dogo. Ukiona nyuma ya altaneta kumelowa oili, sili imechoka, na oili hiyo itaingia kwenye brashi za altaneta na kuimaliza. Ukifunga altaneta nyingine, hakikisha bomba la oili limeungwa na lina oili kabla ya kuwasha, maana pampu kavu inakwama ndani ya dakika chache.

Umeme wa nyumba

Kama betri inaisha gari likiwa limeegeshwa, tafuta mwizi. Zima kila kitu, chomoa hasi, unga multimita kati ya kichwa cha betri na kebo ikiwa kwenye ampea 10, funga milango, subiri dakika 15. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ampea 0.5 zitaimaliza nusu ya betri ya ampea-saa (Ah) 70 kwa siku tatu. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Washukiwa wa kwanza ni inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) iliyoachwa imewashwa, alamu, na redio iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri. Usiwashe stata multimita ikiwa imeungwa hivyo.

Gari lenye rilei ya kutenganisha betri ya injini na ya nyumba lina ugonjwa wake: kontakti za rilei zinagandana. Injini ikiwa imezimwa, washa friji na upime betri zote mbili. Zikishuka pamoja, rilei imeganda, na asubuhi hutawasha gari.

Friji inayojizima usiku huku betri ina volti 12.3 inalalamikia waya mwembamba. Friji ya kompresa ya wati 60 inavuta ampea 5. Waya wa mita 6 kutoka kwenye betri ni mita 12 kwenda na kurudi. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, unapoteza volti 0.73 njiani. Wa 2.5 unapoteza 0.44, wa 4 unapoteza 0.28. Kompresa inapoanza inavuta ampea nyingi zaidi kwa kitambo kifupi, upotevu unaongezeka, na kinga ya friji inakata. Tumia waya wa 4, na athi ya friji irudi kwenye betri kwa waya wake, si kwa skrubu ya bodi.

Sola ya wati 100 inatoa kama ampea 5.5 jua likiwa kali. Kwa saa tano nzuri utapata karibu Ah 25. Friji ya wati 45 inayofanya kazi nusu ya siku inataka Ah 45. Kwa hiyo wati 200 ndiyo kianzio, na betri isipungue Ah 100 ili usiishushe chini ya nusu. Ukiegesha chini ya mkorosho au mnazi, kumbuka kwamba kivuli cha kona moja ya paneli kinapunguza umeme kuliko ukubwa wake. Vumbi la njia ya Nachingwea na Liwale lioshwe kwa maji bila sabuni. Unapofunga kidhibiti chaji, betri iungwe kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli itangulie.

Inveta ya wati 1,000 ikibeba mzigo wote inavuta karibu ampea 100 kwenye volti 12. Waya wake uwe wa milimita za mraba 35 na fyuzi ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye chanya ya betri. Waya wa chanya usio na fyuzi, unaopita chini ya godoro, ndio unaochoma magari ya kulala. Hili halina mjadala.

Pampu ya maji inayojiwasha yenyewe kila baada ya dakika kadhaa bila bomba kufunguliwa ina uvujaji mahali fulani, au vali yake ya ndani hairudishi. Kausha viungio vyote kwa kitambaa, weka karatasi kavu chini yake, utaona palipolowa.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni. Wenyeji wa Mtwara wamezoea kusikia habari za gesi ya Mnazi Bay, lakini ile ni methani, nyepesi, inapanda juu. Kwa hiyo kwenye gari tundu la kutolea gesi liwe sakafuni kwenye kabati la mtungi, na betri isikae kabati hilo. Pima viungio kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Mtu mmoja azungushe stata, mwingine atazame bomba la moshi. Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki. Moshi mweupe: dizeli inafika lakini haiungui.

Dizeli isipofika, washa ufunguo na usikilize solenoidi ya kukata dizeli juu ya pampu. Inatakiwa ilie mara moja. Isipolia, pima umeme kwenye waya wake, mara nyingi ni fyuzi au kiungio. Ikilia, shuku hewa kwenye mfumo. Bonyeza kwa mkono pampu ile iliyoko juu ya chujio la dizeli hadi iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu hata baada ya kuibonyeza mara 50, inavuta hewa kwenye hozi ya kutoka tangini, au mpira wake umepasuka. Weka hozi ya plastiki inayoona ndani kabla ya chujio, utaziona pumzi za hewa zikipita. Mfumo ukishajaa, legeza nati mbili za nozeli, zungusha stata hadi dizeli itoke bila povu, kaza, washa.

Chini ya chujio kuna skrubu ya kutolea maji. Ifungue kila wiki kama unanunua dizeli ya madumu vijijini, na usiifunge mpaka itoke dizeli tupu.

Moshi mweupe unawapeleka wengi kwenye hita plagi, zile plagi za kupasha joto silinda. Kwa joto la Mtwara na Lindi mjini, injini yenye kompresheni nzuri inapaswa kuwaka hata hita plagi mbili zikiwa zimekatika. Ikikataa asubuhi ya joto, tazama kwanza kasi ya stata, hewa kwenye dizeli, na nozeli. Hita plagi zina kazi zaidi alfajiri za baridi uwanda wa juu wa Newala na Rondo. Kuzipima, ondoa upau unaoziunganisha na upime kila moja kwa ohmu. Isiyoonyesha njia imekatika.

Injini za 1HZ, 2L, 3L na 5L zina taimingi belti, na mwisho wake ni kilomita 100,000. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni. Gari la mkononi lisilo na kumbukumbu ya matengenezo, badilisha belti kabla ya safari ndefu. Kuzima taa ya T-BELT kwenye dashibodi si kubadilisha belti.

Kuchemsha kwenye mlima

Mpando wa kwenda Newala ndio kipimo halisi cha rejeta. Gari zito la kulala linapanda kwa gia ya pili, upepo ni mdogo, na udhaifu wote unajitokeza. Mshale ukipanda na maji bado yapo, simama, acha injini ingurume bila kukanyaga kwa dakika mbili tatu ili maji yaendelee kuzunguka, ndipo uzime. Ukiona mvuke au maji yamemwagika, zima mara moja. Mfuniko usiguswe kwa dakika 45.

Anza na vya bei ndogo. Safisha mapezi ya rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo la baa 0.9 huongeza kiwango cha kuchemka cha maji, na mpira wake ukipasuka gari linapoteza maji bila kuvuja popote. Klachi ya feni ikague injini ikiwa ya moto na imezimwa: ukiizungusha kwa mkono inatakiwa ikatae. Ikizunguka kwa ulaini, oili yake ya ndani imekwisha.

Thamostati usiitupe. Ni desturi iliyoenea, na kwa injini nyingi za Toyota ina madhara, kwa sababu thamostati yake ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato injini ikipata joto. Ukiing'oa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani inachemsha zaidi. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto: ianze kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82, na iwe wazi kabisa kabla maji hayajatokota. Kwenye rejeta tia kulanti (dawa ya rejeta) na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji ya chumvi yanakula wota pampu na silinda hedi ya aluminiamu.

Hozi ya juu ikiwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yakitoka mfululizo mfuniko ukiwa wazi, gasketi ya silinda hedi imepita. Hapo safari imeisha, tafuta gari la kuvuta.

Kushuka, na kuvuka maji

Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya yanachemka kwa nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu yanachemka kwa nyuzi 140. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Kwenye mteremko shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na breki zikanyagwe kwa vipindi. Kupima vakyumu, zima injini, kanyaga pedali hadi iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo.

Mvua za kimbunga Hidaya za Mei 2024 ziliikata barabara kuu upande wa Kilwa, na kila msimu wa mvua kuna mahali maji yanapita juu ya njia. Ekseli ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi inavuta maji ndani kama kipumulio cha difu (gia za katikati ya ekseli) kimeziba. Baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, legeza bolti ya chini ya difu na utazame matone ya kwanza. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote siku hiyohiyo, maana beringi hazitafika mbali. Kipumulio ni kifuniko kidogo juu ya ekseli. Kinapaswa kuzunguka kwa vidole.

Kwa njia ya Liwale beba mkanda wa feni, chujio mbili za dizeli, kontakti za stata, hozi ya juu na ya chini ya rejeta, mfuniko wake, lita 5 za oili na mita 5 za waya wa milimita za mraba 4. Spea ukiikosa Mtwara au Masasi na ukimtuma mtu Gerezani, Dar es Salaam, ili itumwe kwa basi, mpe namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku, picha ya kifaa cha zamani pande zote mbili, na umwandikie volti. Stata ya 12 na ya 24 zinafanana kwa sura, na tofauti imeandikwa kwenye kibati kidogo ubavuni.